Tarehe 20 Mei, mara tatu: tornado za tambarare za Kansas na Oklahoma

Tarehe 20 Mei 1916 tornado, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka kwenye wingu la dhoruba hadi ardhini, ilipiga Codell, kijiji kidogo cha Kansas, Marekani. Mwaka 1917, tarehe ileile, ikapiga tena. Mwaka 1918, tarehe ileile, ikaja ya tatu, safari hii usiku, nayo ikaua. Mwaka 1919 haikuja.

Tarehe ilikuwa sadfa. Mwezi haukuwa sadfa.

Kila majira ya machipuko, hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Mexico ikatandaa juu ya Oklahoma na Kansas. Hewa kavu ya moto kutoka majangwa ya kusini-magharibi huja juu yake na kuifunika kama mfuniko wa sufuria. Jua huchemsha mchana kutwa, mvuke haupati pa kutokea. Jioni mfuniko ukiachia, hewa hufumka kwenda juu, na wingu laweza kupita kilomita 12 kwa muda mfupi. Upepo wa chini hapo unatoka kusini-mashariki, wa juu unatoka magharibi kwa kasi kubwa zaidi, na tofauti hiyo hulizungusha wingu zima. Mawingu ya namna hii huangusha mvua ya mawe makubwa kama ngumi; machache kati yake huzaa tornado. Usiifananishe na chamchela, ambayo huinuliwa na joto la ardhi hata mbingu ikiwa nyeupe.

Kwa miaka mingi watabiri wa serikali ya Marekani walizuiwa hata kulitaja neno "tornado", kwa hofu ya kuzua taharuki. Mimi naona ukimya huo uligharimu maisha. Tarehe 20 Machi 1948 tornado iliharibu kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma. Siku tano baadaye maofisa Ernest Fawbush na Robert Miller waliona ramani za hewa zinafanana na za siku ile, wakatoa utabiri. Jioni hiyohiyo tornado ikaipiga tena kambi.

Faida ya kuonya mapema tuipime kwa miji miwili ya Kansas. Usiku wa 25 Mei 1955, Udall, onyo halikuwafikia watu. Walikufa 80 hivi katika mji mdogo sana. Usiku wa 4 Mei 2007, Greensburg, karibu mji wote ulibomoka, lakini ving'ora vilikuwa vimeshalia na watu wameshuka vyumba vya chini ya ardhi. Waliokufa hawakufika 15.

Kwa ndugu mliohamia huko: angalizo ("watch") maana yake hali ya hewa inaruhusu tornado, kaeni karibu na redio au simu. Onyo ("warning") maana yake imeonekana kwa macho au kwa rada, ingieni ndani sasa hivi. Pasipo chumba cha chini ya ardhi, nendeni chumba cha katikati ya nyumba, ghorofa ya chini kabisa, kisicho na dirisha. Bafu au stoo inafaa. Msijifiche chini ya daraja la barabara kuu. Tarehe 3 Mei 1999, huko Oklahoma, watu 3 walikufa hivyo, kwa sababu upepo ukibanwa chini ya daraja huongeza kasi.