Manunuzi ya hisia, na maana ya kujikuna ujipatapo

Manunuzi ya hisia ni kununua kitu ili ubadilishe unavyojisikia, hata kama kitu chenyewe hakijapungua nyumbani. Mchele umeisha, ukaenda soko la Mgandini: hayo ni matumizi. Umegombezwa kazini, ukapitia maduka ya Ngamiani ukatoka na seti ya hotipoti wakati kabatini zipo mbili: hapo ulikwenda kutafuta nafuu ya moyo, hotipoti zimefuata tu.

Wengi huita jambo hili ubadhirifu. Sikubaliani nao. Mbadhirifu hajali, ila huyu anajali mno, ndiyo maana usiku halali, anapiga hesabu. Kinachomponza ni kwamba hisia haipigi hodi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Jennifer Lerner akiwa mmoja wao, waliwaonyesha watu kipande cha filamu cha kuhuzunisha, kisha wakawauliza wangetoa kiasi gani kununua chupa ya kubebea maji. Walitaja bei kubwa kuliko wenzao walioonyeshwa filamu isiyo na huzuni. Na walipoulizwa, walikana kwamba filamu iliwaathiri.

Kwetu Tanga, aibu nadhani inakula pesa kuliko huzuni. Chukua sare ya harusi. Kitambaa kimeshachaguliwa, majina ya waliolipa yanapangwa kwenye grupu la WhatsApp, kila saa orodha inarefuka, lako halimo. Mkono unakwenda kwenye simu. Salio halitoshi, mkopo wa simu upo, makato yake huyasomi. Au ni saa nne usiku, uko peke yako, muuza madera kakuandikia: "Shoga, kimebaki kimoja tu, nikuwekee?" Dera hukuliwaza kabla. Sasa unaogopa kulikosa.

Wazee walisema mtu hujikuna ajipatapo. Msemo huu haumkatazi mtu kujikuna, na hilo nalipenda sana. Muwasho ni wako, una haki nao. Kinachoangaliwa ni mkono unafika wapi. Kuujua mkono wako ni hesabu ya karatasi moja: kipato, ukitoa kodi, chakula, umeme, ada za watoto na hisa za kikoba. Kilichobaki, kata fungu la shughuli za watu na fungu dogo la kujifurahisha, ulitumie bila kujilaumu.

Kisha ipe hisia muda, maana hupoa. Mimi huandika kwenye daftari kitu ninachokitaka, bei yake, na kilichonitokea siku hiyo, halafu nasubiri siku tatu. Safu ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho. Niliona kwamba karibu kila nguo niliyoitaka niliiandika Jumapili jioni, nikiiwaza kazi ya kesho. Jumatano nikifungua daftari, nyingi sizitaki tena.

Aibu haipoi kwa kusubiri, hiyo inataka kusemwa. Harusi iliyopita nilimpigia shangazi aliyekuwa akikusanya michango. "Shikamoo shangazi. Safari hii sare sitaiweza. Nitavaa kanga zangu, na nitakuja alfajiri tusaidiane jikoni."

Akanyamaza kidogo. "Marahaba mwanangu. Basi njoo na mbuzi yako, nazi ni nyingi na mbuzi za huku hazitoshi."