Matanga Yameanuliwa, Karatasi Je?

Tangu kampeni ya usajili wa vifo ianze kupita mitaani hapa Tanga, foleni ya dirishani kwetu, ofisi ya msajili wa wilaya, imejaa watu waliofiwa zamani. Mama alifariki mwaka 2011, leo ndugu wanataka kuuza nyumba ya Ngamiani, mnunuzi anadai karatasi, yaani cheti cha kifo, na aliyeketi dirishani ndiye anayeonekana mkatili. Wengine hutuuliza kwa hasira, "Kwani nyie hamuamini kwamba mama kafa?" Tunaamini, mama. Pole sana. Lakini rejista haisomi machozi.

Kwa msiba, watu wa mji huu hawahitaji semina. Habari ikitoka, turubai linasimama kabla chai haijapoa. Majirani wanaleta mikeka na masufuria, mwosha maiti anafuatwa, wazee wanakwenda kuangalia kaburi, ubani unakusanywa na jina la kila mtoaji linaandikwa kwenye daftari. Naam, linaandikwa! Mjomba aliyetoa elfu mbili yumo daftarini, marehemu mwenyewe hayumo popote. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa, watu wanatawanyika, na sisi tunamsubiri mtu mmoja tu aje na tangazo la kifo. Haji.

Nadhani tatizo ni kalenda. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Familia nyingi hapa huhesabu arobaini. Ndugu wa Korogwe na wa Mombasa wanarudi siku hiyo, hitima inasomwa, pilau inaliwa, na baada ya pilau ndipo mtu mzima mmoja anakohoa na kusema, "Sasa tuzungumzie mambo ya marehemu." Siku kumi zimeshapita juu ya zile 30. Kama kuna mjane, wengine husema tungoje amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi. Masuala ya eda waulizwe masheikh, si mimi. Nisemalo ni kwamba mjane halazimiki kuja yeye. Ndugu aliyekuwepo wakati wa kifo, au mtu wa nyumba ile, anaweza kutoa taarifa.

Utaratibu ni huu, na ninaurudia kwa sababu kila siku naulizwa. Kifo kikitokea hospitalini, iwe Bombo au kwingineko, tangazo la kifo hutolewa hukohuko. Kikitokea nyumbani, taarifa ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambaye hujaza tangazo hilo. Tangazo linaletwa kwa msajili wa wilaya, taarifa zinalinganishwa na vitambulisho vya marehemu na vya mtoa taarifa, ndipo cheti kinaandaliwa. Kibali cha mazishi SI cheti cha kifo. Kibali kinaruhusu kuzika, basi. Ukikipeleka benki watakurudisha, na watakuwa sahihi. Siku 30 zikipita mlango haufungwi, ila viambatisho vinaongezeka kadiri unavyochelewa, na shahidi uliyemtegemea naye anaweza kuwa ametangulia. Kumwambia msajili uongo, kwa mfano kubadilisha tarehe ya kifo ili malipo fulani ya marehemu yasikatwe, ni kosa la jinai. Usije ukasema ulishauriwa na mtu wa dirishani.

Majina nayo. Kitambulisho kinasema Bakari Mohamedi, leseni ya makazi inasema Bakari Mwinyi, mtaa mzima unamjua kwa jina la Baba Zuhura. Leteni kiapo cha majina mapema, msingoje tuwarudishe mara tatu.

Kuna jambo moja ambalo huwa linanikera, nalo ni neno "uchuro". Ukimwambia mtu aandike wosia akiwa mzima, anakutazama kama umemtabiria. Eti anajichuria kifo. Wanaosema hivyo hutaja mila za pwani kama ushahidi, na hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, maana fasihi ya pwani hii inawapinga. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa upande wa Lamu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwambia binti yake waziwazi kwamba siku zake zinakwisha na ana maneno ya kumwachia. Hakugawa mashamba, aligawa mawaidha, lakini ule ni wosia, na hakuna aliyeuita uchuro. Umehifadhiwa na kusomwa hadi leo. Na upande wetu huu, mtoto wa Machui, Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi, akamtaja kwa jina lake. Wengi wetu tulilikariri darasani. Kinachosahaulika ni kwamba yule mshairi alikuwa mtu wa ofisi kama sisi. Kati ya mwaka 1946 na 1952 alifanya kazi ofisi ya wilaya hapahapa Tanga. Mtu aliyeshika faili mchana ndiye aliyejua kulia hivyo kwenye karatasi. (Ingawa jina la "bin Robert" lingetupa shughuli dirishani, sikatai.)

Tembeleeni magofu ya kale ya Tongoni pia, mkipata nauli. Makaburi yapata 40 ya karne zilizopita, mengine yana nguzo za kupendeza, na mtalii anaweza kuyapiga picha hadi jua litue bila kujua ni nani aliyelala chini ya lipi.

Turudi kwenye wosia. Wanaofuata sheria ya mila: wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, asiyejua kusoma anahitaji wanne. Wosia wa mdomo nao unahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Kumnong'oneza mtoto kipenzi usiku wa manane si wosia. Kwa Waislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, na haumwongezei mrithi fungu lake mpaka warithi wenzake waridhie. Unaweza kuubadilisha wakati wowote ungali na akili timamu. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia. Si lazima ukae chini ya godoro.

Kuhusu msimamizi wa mirathi, naomba tuelewane. Msimamizi si mrithi mkuu wala si mwenye mali. Kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Ukoo ukikaa, muhtasari uandikwe na waliohudhuria watie saini. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne kuwasilisha Fomu namba 5, yenye orodha ya mali zote na madeni yote, kisha hesabu za mgawanyo katika Fomu namba 6. Mahakama inaweza kumvua usimamizi asiyewasilisha kwa makusudi au anayewasilisha orodha ya uongo. Nimeona orodha yenye vijiko kumi na mbili lakini haina shamba la mkonge.

Na simu ya marehemu. Kujua namba yake ya siri hakukupi haki ya kutoa salio lake. Hata kama ni kwa ajili ya sanda. Fedha ile imeingia kwenye mirathi tangu pumzi ya mwisho, na atakayeichukua atadaiwa na msimamizi. Yanayotangulia ni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia, ndipo urithi. Watu hupenda kuanza na la mwisho.

Makala haya ni elimu ya jumla, hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria kwa shauri lako.

Nami si mtakatifu. Baba yangu alipofariki, mimi niliyekuwa nikiwahimiza wengine nilisajili kifo chake siku ya 52. Kila asubuhi nilipita mbele ya kabati la fomu na kila asubuhi nikapata kazi nyingine ya haraka zaidi. Nadhani niliogopa kuliandika jina lake kwa mwandiko wangu. Yeye hakuwa na woga huo. Chini ya mto wake tulikuta daftari la kurasa 40, wino wa buluu, "ninaowadai" upande huu na "wanaonidai" upande ule. Jina la mwisho lilikuwa la fundi baiskeli wa barabara ya ishirini, shilingi 4,000, tairi la nyuma. Yule fundi alikaa turubaini kwetu siku zote tatu na hakutaja kitu. Nilipompelekea fedha aliuliza nimejuaje.