Kifuniko cha soda kwenye mita 500

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha chapati hapa Bombo, Uganda, nikingoja rolex yangu, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, na pembeni vijana wawili wa boda walikuwa wanabishana. Mmoja anaapa kwamba mjomba wake, askari, aliwahi kupiga kifuniko cha soda kutoka mita 500 kwa SMG, tena kwa kusimama. Mwenzake hakubali. "Mita 500? Sema 300." Waliponiona wakanigeukia. "Mzee, si wewe ulikuwa mwalimu wa shabaha jeshini? Tuamulie basi. Inawezekana?"

Nikasema inawezekana. Yule wa kwanza akaruka. Nikaongeza kwamba hata mbuzi akikanyaga mtambo wa kufyatulia bunduki mara za kutosha, inawezekana. Hapo wakanuna wote wawili, na rolex yangu ikawa imeiva, nikaondoka. Lakini swali lao ni zuri kuliko jibu nililowapa, na nimelifikiria wiki nzima.

Kwa asiyepita kambini: SMG ni ile bunduki ya AK. Sisi hatukuwahi kuiita jina lingine.

Sasa chukua kifuniko, kile cha bati kilichokwisha kubanwa kwenye chupa, ukipime kwa rula. Milimita 29 hivi. Kwa bahati hicho ndicho kipimo chetu. Watu wa shabaha hatuhesabu kwa sentimita peke yake, maana sentimita 10 ni aibu kwenye mita 50 na ni sifa kubwa kwenye mita 1,000. Tunahesabu kwa pembe. Duara lina digrii 360, kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ya pembe ukiifuata hadi mita 100 inafunguka kwa milimita 29. Kifuniko kimoja cha soda. Kwenye mita 500 dakika ileile imekuwa vifuniko vitano vilivyopangwa mstari, sentimita 14 na nusu. Kwenye mita 1,000 ni vifuniko kumi, upana wa sahani ya kulia.

Bunduki nzuri ya kulengea, yenye darubini na risasi zilizochaguliwa, ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga, huweka risasi tano ndani ya dakika moja ya pembe. Zile nzito za mashindano ya kupigia mezani hushuka hadi robo dakika. SMG yenye afya, kwa risasi za kawaida za sandukuni, ni dakika tatu hadi nne. Siisemi vibaya. Ilitengenezwa imfae mtu aliyelowa na kuchoka, mwenye matope hadi viwikoni, anayepigana na mtu aliye mita 200. Kazi hiyo inaiweza.

Basi tuseme SMG ya mjomba ni ya dakika tatu na nusu, na tumpe kila kitu. Bunduki imefungwa mezani isitikisike, hewa imetulia kama maji ya mtungini, umbali umepimwa kwa kamba, mjomba mwenyewe hana hata mapigo ya moyo. Bado risasi zitatawanyika kukizunguka kile kifuniko, na kwa hesabu ya kawaida ya mtawanyiko, ni moja katika 160 hivi itakayokigusa. Mpe bunduki ya dakika moja, inakuwa moja katika 14. Kumbuka hapo hatujaleta upepo, na hatujamsimamisha.

Pana ujanja mwingine ambao napenda kuufichua kila ninapopata nafasi. Watu huonyesha picha ya matundu matatu yaliyogusana, eti hiyo ndiyo bunduki yao. Matundu matatu ni machache mno. Ukipata kundi la sentimita tano kwa risasi tatu, endelea hadi kumi na bunduki ileile, mkono uleule, na kwa wastani kundi litakuwa karibu sentimita nane. Hakuna kilichoharibika. Risasi saba zaidi zimepata nafasi ya kukuonyesha kingo ambazo zile tatu hazikufika. Kuruta wangu nilikuwa nawakataza kuchora duara kwenye karatasi kabla ya risasi ya kumi, na walinichukia kwa hilo.

Je, binadamu mwenyewe anaweza kulenga kwa kiwango gani? Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kumdharau. Kwenye Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996, Mjerumani Christian Klees alipiga risasi 60 akiwa amelala, mita 50, na zote zikahesabiwa kumi: pointi 600 kati ya 600. Duara la pointi kumi, katikati ya shabaha, lina kipenyo cha milimita 10.4, dogo kuliko kitufe cha shati. Kanuni inakuruhusu tundu liguse tu mstari, kwa hiyo kitovu cha tundu kina uwanja wa milimita 16 hivi. Peleka pembe hiyo mita 100, umerudi kwenye kifuniko chetu, ukubwa wake umezidi kidogo tu. Mara 60 mfululizo, bila darubini, kwa tundu dogo la kuchungulia tu. Kwa hiyo mkono na jicho vya mtu aliyefundishwa si tatizo kubwa. Babu yangu, aliyekuwa kikosi cha nne cha KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kile cha Uganda, hakuwa na elimu ya pembe lakini alinifundisha mtambo kwa maneno mawili, "kama kukamua". Ukimkamua ng'ombe kwa pupa anakupiga teke. Mtambo ukiuvuta kwa pupa, mtutu unacheza.

Ila mita 50 si mita 500. Kinachobadilika katikati ni hewa.

Nitumie risasi nzito ya 7.62 kwa 51 (milimita, unene wa risasi kwa urefu wa ganda), ile ya bunduki za kulenga mbali. Upepo wa ubavuni wa mita moja kwa sekunde huisogeza sentimita nne au tano kwenye mita 300. Kwenye mita 500, kama sentimita 12. Kwenye mita 1,000, nusu mita au zaidi. Angalia vizuri: umbali umeongezeka mara tatu na kitu, mkengeuko umeongezeka mara kumi. Sababu yake huwashangaza wengi. Upepo hauisukumi risasi kama unavyosukuma karatasi. Kinachohesabika ni ule muda risasi iliochelewa, yaani tofauti kati ya muda ilioutumia njiani na muda ambao ingeutumia kama hewa isingekuwepo. Na risasi huchelewa zaidi kadiri inavyochoka. Ya SMG, fupi na butu kwa kulinganisha, huchoka mapema, na upepo uleule unaihamisha zaidi ya sentimita 30 kwenye mita 500. Vifuniko kumi na zaidi, upande mmoja.

Na upepo wa mita moja kwa sekunde ni upepo gani? Huwezi kuuhisi usoni. Moshi tu ndio unaokuonyesha kwamba upo.

Nakumbuka mchana mmoja Nakasongola, kiangazi, nyasi zimekauka rangi ya simba. Nilikuwa na kijana mmoja hodari, mtulivu, mkono wake haujui kutetemeka. Bamba la chuma lilikuwa mita 800, upana wa sentimita 40. Mbele yetu kidogo, upande wa kushoto, kulikuwa na tanuri la makaa, na moshi wake ulikuwa unalala polepole kuelekea kulia. Kijana akausoma, akageuza vifundo vya darubini, akapiga. Vumbi likaruka kulia kwa bamba. Akaongeza. Vumbi likaenda kushoto, mbali. Akarudisha nusu. Kulia tena. "Afande, darubini imeharibika."

Nikamwambia atoe jicho kwenye bunduki, achukue darubini kubwa ya miguu mitatu, aielekeze kwenye bamba, kisha airekebishe ionyeshe wazi hewa ya nusu ya njia, si bamba. Hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, yale mazigazi unayoyaona juu ya lami, ukiyatazama kwa darubini yanatiririka kama maji ya mfereji, na yanatiririka kule upepo unakoelekea. Pale katikati, kwenye bonde dogo, yalikuwa yanakwenda kushoto. Kwenye bamba yalikuwa yamesimama wima yakichemka, maana yake upepo ama hakuna ama unageuka. Pepo tatu katika mita 800, na yeye alikuwa anasoma mmoja, kisha anabahatisha. Tukakaa dakika kama kumi tukinywa maji. Mazigazi ya katikati yakapungua, moshi ukainuka. Akapiga mara mbili, mara zote mbili bamba likalia. Hakuwa amegusa darubini.

Mwenye kuuliza ni upepo upi kati ya hiyo aufuate, mimi huanza na ule ulio karibu na mtutu, kwa sababu kosa lililoanza mapema lina njia ndefu ya kukua. Ila huo si msahafu. Bonde likiwa na upepo mkali kuliko ulipo wewe, bonde linashinda.

Nisijifanye malaika. Mwaka mmoja nililaumu upepo mchana kutwa, nikawafundisha watu somo zima la upepo, matundu yangu yakigawanyika makundi mawili kama familia iliyogombana. Jioni nikashika darubini ikacheza. Skrubu ya kiti chake ilikuwa imelegea. Tangu siku hiyo nakagua skrubu kabla ya kukagua mawingu.

Kuhusu wima nitasema kwa haraka, kwa sababu wima una hesabu na upepo hauna. Kwenye mita 1,000 risasi ile ya 7.62 huanguka kama mita 12. Hilo halitishi, kwani linajulikana, unageuza darubini. Linalotisha ni tofauti ndogo. Risasi mbili za sanduku moja zikitofautiana mwendo kwa mita 10 kwa sekunde, huko mwisho zinaachana karibu sentimita 30 juu na chini. Ukikosea umbali kwa mita 10, ni karibu kiasi hicho tena. Na hapa kwetu kuna jambo la mwinuko: Kampala ipo karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Jedwali la mwanguko wa risasi lililotengenezwa kwa usawa wa bahari litakupigisha juu ya shabaha ukilitumia Luwero bila kulirekebisha.

Sasa mtaniletea habari za mtandaoni. Ndiyo, Septemba 2022 huko Wyoming, Marekani, timu moja ilipiga shabaha iliyokuwa zaidi ya kilomita 7. Risasi ilikaa hewani kama sekunde 24. Unaweza kumega kipande cha chapati, ukakitafuna, ukakimeza, na bado haijafika. Ni kazi ya kweli na nawavulia kofia. Lakini wenyewe walisema wazi: ilikuwa risasi ya 69. Hiyo namba ndiyo ninayoipenda katika habari nzima, na ndiyo ambayo wanaosambaza video huiacha. Mtu akikwambia alipiga kitu kidogo mbali, usimuulize mita ngapi. Muulize ilikuwa risasi ya ngapi.

Karamoja kwetu kuna mfano wa upande wa pili. Mwindaji Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la huko huko, "Karamojo" Bell, aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo wenzake waliicheka. Simsifu, hao tembo tungekuwa nao leo. Lakini kama fundi wa shabaha, siri yake haikuwa umbali. Alijua kwa uhakika mahali pa kupiga kwenye fuvu, na alitembea hadi akawa karibu. Miguu yake ndiyo iliyoikuza shabaha.

Tumrudie mjomba. Kuna jambo sikulisema kibandani, na lingemaliza ubishi mapema. Kijiti cha mbele cha kulengea cha SMG kina upana wa milimita 2 hivi, na kipo chini ya mita moja kutoka kwenye jicho lako. Kwenye mita 500 kijiti hicho kinafunika zaidi ya mita moja ya dunia. Kinamfunika mtu na toroli lake. Na jicho zima la binadamu, lisilo na kasoro, hupambanua kitu cha dakika moja hivi. Kile kile kifuniko kimoja kwa mita 100. Mbali ya hapo hukioni, unajua tu kwamba kipo.

Jumamosi nilimwita mmoja wa wale vijana wa boda, tukajaribu, bila bunduki. Nikampa kifuniko, nikamwambia akishike juu ya kichwa, ageuke aniangalie kila baada ya hatua kumi, na simu iwe sikioni. Hatua 50, nakiona. Hatua 80, nakiona kwa shida, kinameta tu. Alipofika hatua 110 nikamwambia simama, kifuniko hakionekani tena, naona mkono tu.

"Mzee," akasema kwenye simu, "bado niendelee? Hapa sijafika hata kwenye duka la mkaa."

Nikamwambia aendelee hadi mita 500. Akahesabu kimya kimya, nikisikia pumzi zake na malori ya barabara ya Gulu. Mwisho akasema amefika. Nikainua macho. Kulikuwa na watu watatu kule mbali, na sikujua yeye ni yupi.