Jesse Owens na Berlin 1936: Yasemwayo na Yaliyotokea

Simulizi inayopendwa kuhusu Jesse Owens, mwanariadha Mweusi wa Marekani aliyetwaa medali nne za dhahabu katika Olimpiki ya 1936, ni kwamba Adolf Hitler, kiongozi wa Ujerumani, alikataa kumpa mkono baada ya kushinda mjini Berlin. Mambo hayakwenda hivyo. Siku ya kwanza ya riadha, tarehe 2 Agosti 1936, Hitler aliwapongeza washindi wa Ujerumani na Finland, kisha akaondoka uwanjani kabla Cornelius Johnson, Mmarekani mweusi aliyeshinda kuruka juu, hajavishwa medali yake. Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki akamtaka ama awapongeze washindi wote ama asimpongeze yeyote, naye akachagua la pili. Owens aliposhinda mita 100 kesho yake, pongezi hizo zilikuwa zimekwisha kukoma kwa wote. Kama kuna aliyebaguliwa pale jukwaani, basi ni Johnson, ambaye leo wachache wanalijua hata jina lake.

Wengine hudhani Owens alikuwa Mweusi pekee katika timu ya Marekani, ilhali walikuwa 18, na waliopata medali za fedha nyuma yake katika mita 100 na 200, Ralph Metcalfe na Mack Robinson, nao walikuwa Weusi.

Dhana iliyo potofu kuliko zote ni kwamba dhahabu nne zilimtoa katika umaskini na ubaguzi. Owens alizaliwa mwaka 1913 huko Oakville, Alabama, mtoto wa mwisho kati ya 10, katika familia iliyolima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Ohio State hakupewa ufadhili wala kuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo, hivyo alijilipia masomo kwa kazi mbalimbali, mojawapo ikiwa ni kuendesha lifti. Aliporudi kutoka Berlin, New York ilimwandalia gwaride, na jioni yake hafla katika hoteli ya Waldorf-Astoria; lakini mgeni huyo wa heshima alipandishwa kwa lifti ya mizigo, kwa kuwa ile ya wageni haikuwa ya watu wa rangi yake. Rais Franklin Roosevelt hakumtumia hata simu ya maandishi, na Owens mwenyewe alisema kwamba aliyempuuza ni rais wake, si Hitler.

Chama cha riadha ya ridhaa cha Marekani nacho kilimfungia kwa kukataa kuendelea na ziara ya Ulaya. Desemba mwaka uleule alikuwa Havana, akishindana na farasi kwa malipo. Alimshinda, na baadaye akaeleza siri yake: bastola ya kuanzishia mbio ilifyatuliwa karibu na farasi, na kabla mnyama hajatulia, yeye alikuwa amekwisha kutangulia mbali.