Mkuki kwa nguruwe: kwa nini wanaohubiri haki za binadamu hawaaminiki

Desemba 10, 1948, mjini Paris, mataifa 48 yaliunga mkono Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Hakuna lililopinga. Manane hayakupiga kura ya ndiyo wala hapana, mojawapo likiwa Afrika Kusini, ambako chama cha ubaguzi wa rangi kilikuwa kimeshika madaraka mwaka huohuo. Angalau hao hawakujifanya.

Uingereza ilisema ndiyo. Kifungu cha 5 kinakataza mateso, bila kubagua koloni wala mji mkuu. Mwaka 1952 ikatangaza hali ya hatari nchini Kenya, na katika kambi za kizuizini watu wakapigwa na kuteswa. Serikali ya London ilikiri hayo bungeni Juni 2013 tu, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya madai ya watu 5,228, huku ikishikilia kwamba kisheria haiwajibiki.

Mfano wa karibuni zaidi: Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Vladimir Putin, na Rais Joe Biden akasema ina msingi, ingawa Marekani si mwanachama. Novemba 2024 mahakama hiyohiyo ikatoa hati dhidi ya Benjamin Netanyahu. Biden huyohuyo akaiita ya kuchukiza. Mwanasheria anaweza kueleza tofauti za kesi hizo mbili, na asikilizwe. Ila wapo pia waliofanya kinyume chake, wakaibeza hati ya kwanza na kuishangilia ya pili. Ndumilakuwili hawana kambi moja.

Vyombo vya habari navyo hubeba lawama, na mara nyingi kosa limejificha kwenye kitenzi. Raia wa upande mmoja "wameuawa" na muuaji anatajwa. Wa upande mwingine "wamepoteza maisha", kana kwamba maisha yalidondoka mfukoni. Huku ni "mauaji", kule ni "makabiliano". Katika mafunzo yetu huwa nawaomba washiriki wachukue habari moja, wabadilishane majina ya pande mbili, kisha waisome kwa sauti. Wengi hukwama sentensi ya tatu.

Na wakati mwingine tatizo si kitenzi, ni habari yenyewe. Mei 2004, mwaka mmoja baada ya Iraki kuvamiwa, wahariri wa New York Times waliwaandikia wasomaji kwamba baadhi ya taarifa zao kuhusu silaha za Iraki hazikuchunguzwa kwa ukali uliotakiwa. Kukiri kulikuja baada ya mabomu.

Kwa hiyo sishangai mtu akisema haamini yeyote: mwanasiasa, msomi wala mwandishi. Shaka yake ina sababu. Shida ni kwamba mtesaji naye huombea hali hiyohiyo, maana pasipo anayeaminiwa hakuna shahidi.

Turudi kwenye kesi ya Kenya. Wazee walioteswa walikuwa wakisema yaliyowapata kwa miongo kadhaa. Kilichowapa nguvu mahakamani ni kazi ya wanahistoria na mawakili, pamoja na mafaili ya kikoloni ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa imeyaweka kimya Hanslope Park, kituo chake kilichoko Uingereza, hadi ilipokiri mwaka 2011 kwamba inayo. Hao waliopekua ni wasomi pia, na wengi wetu tuliyajua hayo kupitia magazeti.