Je, wajua kwa nini baadhi ya ndege ndogo hutikiswa mabawa kabla ya kuruka?

Ukimwona rubani ameshika ncha ya bawa la Cessna 182 ya zamani, analiinua na kulishusha, analiinua na kulishusha, baada ya kuukandamiza mkia uelekee ardhini, usidhani anapima uimara wa bawa. Anatafuta maji. Na katika baadhi ya ndege hizo zoezi hilo si mazoea ya rubani mmoja mwangalifu. Limeandikwa kwenye kibandiko ndani ya chumba cha rubani kwa amri ya serikali ya Marekani iliyotolewa mwaka 1984.

Swali linakuja lenyewe: kwa nini mtu atikise ndege nzima kutafuta maji, ilhali kila tangi lina vali ya kutolea maji hayo kwa chini?

Mimi nililijibu swali hili vibaya kwa muda mrefu, na naona wengi bado wanalijibu hivyo hivyo, kwa hiyo nianzie hapo. Ndege ndogo ya petroli ina vali ndogo ya springi kwenye sehemu ya chini ya kila tangi. Kabla ya safari, rubani huisukuma kwa kikombe chenye pini, huchota petroli kidogo, kisha hukiinua kikombe kwenye mwanga. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya petroli ya ndege ina gramu 720 hivi, na hizo mbili hazichanganyiki. Basi maji huzama. Nami nikapanga hoja yangu: maji huzama, vali iko chini, kwa hiyo kikombe kikiwa safi, tangi ni safi.

Hatua mbili za kwanza ni kweli tupu. Ya tatu haifuati.

Kikombe hakisemi lolote kuhusu kilichomo tangini. Kinasema kuhusu kilichofika kwenye vali. Tofauti ya maneno hayo mawili, kuwamo na kufika, ndiyo iliyoizaa amri ya mwaka 1984. Maji kuzama maana yake ni kwamba yanashuka hadi yakutane na kitu kinachoyazuia. Sakafu ya tangi ikiwa laini na yenye mteremko mmoja, hakuna cha kuyazuia, yatafika kwenye vali. Sakafu ikiwa na vilima, kila bonde dogo linakuwa mwisho wa safari yake.

Hata kilichofika kwenye vali kinaweza kusomwa vibaya. Petroli ya ndege iitwayo 100LL hutiwa rangi ya buluu. Kikombe kikipata petroli na maji kidogo, unaona mstari dhahiri: maji chini, buluu juu. Jicho huzoea kuutafuta mstari huo. Lakini kikombe kikijaa maji matupu, mstari haupo. Kuna kimiminika kimoja, kinang'aa, hakina uchafu, na mtu mwenye haraka anaona kila kitu kiko sawa. Kukiinua kikombe mbele ya anga kunaongeza tatizo, maana buluu ya 100LL ni hafifu na anga nayo ni buluu, hivyo maji yanaonekana kama yana rangi. Ndiyo maana inafaa kukishika mbele ya kitu cheupe na kunusa. Usiposikia harufu ya petroli, ulichoshika ni maji.

Sasa turudi kwenye vilima. Matoleo mengi ya zamani ya Cessna 180, 182, 185 na 206 hayakujengwa na tangi la bati. Ndani ya bawa mna uwazi, na ndani ya uwazi huo mna mfuko wa mpira unaobeba petroli. Fundi huukunja mfuko, akaupitisha kwenye tundu dogo, akaukunjua kwa mkono ndani ya bawa, kisha akaubana kwa vifungo vya kubonyeza ili ushikamane na kuta. Kazi hii hufanyika kwa kupapasa zaidi kuliko kuona. Kifungo kimoja kikikosa mahali pake, au kikiachia miaka kadhaa baadaye, au mpira ukikakamaa kwa uzee, sakafu ya mfuko hupata mikunjo.

Mkunjo wa mpira unaonekana kitu kidogo mno kuisimamisha injini. Jaribu hili nyumbani. Tandaza plastiki juu ya ubao ulioinama kidogo, fanya mkunjo mmoja unaokatiza mteremko, kisha mwaga maji upande wa juu. Maji yatateremka hadi kwenye mkunjo na kutulia hapo. Mkunjo umefanya kazi ileile ya kinga maji la shambani: tuta lisilofika hata magoti, lakini limelala kukatiza mteremko, nalo linashika maji ya mvua nzima.

Kisha fikiria kwamba juu ya maji hayo kuna petroli, na imefunika hadi juu ya mkunjo. Petroli inapita bila shida, maana kina chake kiko juu kuliko tuta. Maji yaliyolala chini hayana nguvu ya kupanda. Kwa hiyo ukifungua vali upande wa pili, unapata petroli safi, ya buluu, isiyo na tone la maji. Chota kikombe cha pili, cha tano, cha kumi, jibu halibadiliki. Hapa ndipo imani yangu ya zamani ilipovunjika kabisa: kuchota sampuli nyingi zaidi hakusaidii, kwa sababu maji hayajachelewa kufika. Yamezuiwa.

Yakibaki huko milele yasingemdhuru mtu. Tatizo ni kwamba mteremko wa tangi hubadilika. Ndege ikiwa imeegeshwa, sakafu ya mfuko ina mwinamo mmoja. Ndege inapoanza mbio za kuruka, kila kimiminika ndani yake kinasukumwa nyuma, kama maji ya beseni yanavyokimbilia kifuani mwako ukianza kutembea ghafla huku umelibeba. Kisha pua inainuka, na mwinamo unabadilika tena. Tuta lililokuwa likizuia sasa limelala upande usiozuia. Maji yaliyotulia wiki nzima yanavuka kwa mkupuo na kuelekea kwenye tundu linalolisha injini. Katika ndege hizi bawa liko juu ya injini, na uzito wa petroli yenyewe husaidia kuishusha, hivyo maji nayo yanashuka kwa njia hiyohiyo.

Maji hayaungui. Kabureta iliyojaa maji haiwezi kuiwasha injini hadi maji yapite yote, na wakati huo ndege ina kimo kidogo na kasi ndogo, yaani hali ambayo rubani ana nafasi finyu kuliko zote ya kuchagua pa kutua. Lakini si kila mkunjo unaleta mkasa. Inategemea mkunjo uko wapi, umeshika maji kiasi gani, na tangi lilikuwa na petroli kiasi gani. Mara nyingine injini hukohoa mara mbili tatu na kuendelea. Na ajali ikitokea, mfuko unaweza kupasuka na petroli kuwaka, kwa hiyo maji, ambayo ndiyo ushahidi, huweza kupotea. Hesabu yoyote ya ajali za aina hii isomwe kwa tahadhari hiyo.

Maji yenyewe hutoka wapi? Jibu linalosikika sana ni umande: tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo hupoa usiku na kuacha maji. Ni kweli, ila tupige hesabu. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 30 za Selsiasi ina gramu 30 hivi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kwenye nyuzi 20 ina gramu 17 hivi. Nafasi ya lita 100 juu ya petroli, ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi 20, itaacha gramu 1.3, ambayo haijazi hata kijiko cha chai. Usiku mwingi mfululizo unaweza kuongeza kiasi hicho, kwa hiyo sisemi umande haujalishi. Lakini nikiambiwa maji ya kujaza kikombe yametoka kwenye umande wa usiku mmoja, siamini. Nitautazama mfuniko kwanza. Mifuniko ya awali ya mifuko hii ililala sawasawa na uso wa bawa, ndani ya kishimo kidogo, ikitegemea pete ya mpira. Mvua ikinyesha, kishimo hujaa. Pete ikipasuka, bawa linakunywa.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na inaingia kwa njia ambayo ni tofauti na magari. Kanuni za Marekani za kusanifu ndege ndogo, kama zilivyosomeka kwa miongo mingi, zilitaka kila tangi liwe na kisima cha chini chenye ujazo wa asilimia 0.25 ya tangi au moja ya kumi na sita ya galoni, kipi kikubwa, na zilitaka maji yoyote ya kiasi cha hatari yaweze kutiririka kutoka pembe yoyote ya tangi hadi kwenye kisima hicho ndege ikiwa imesimama kawaida. Soma sharti la pili tena. Mkunjo unalikiuka moja kwa moja. Tatizo ni kwamba ndege hupimwa kwa kanuni zilizokuwapo usanifu wake ulipoombewa cheti, na Cessna 182 ilipata chake mwaka 1956. Kanuni ikiboreshwa baadaye, ndege iliyokwisha kutengenezwa kwa kawaida haiguswi.

Chombo kikuu chenye nguvu ya kurudi nyuma na kuigusa ni agizo la ustahiki wa kuruka. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, hulitoa pale mambo mawili yanapothibitika: kwamba kuna hali isiyo salama, na kwamba hali hiyo ina uwezekano wa kuwepo au kujitokeza katika ndege nyingine za usanifu uleule. Likishatoka, ni sheria. Barua ya mtengenezaji yenye ushauri uleule haimfungi mwenye ndege ya binafsi. Agizo linamfunga, na anayerusha ndege isiyolitimiza anavunja sheria hata kama ndege haina kasoro inayoonekana. Wengi hulifananisha na gari kurudishwa kiwandani kutengenezwa bure. Sivyo. Jukumu la kulitimiza liko kwa mwenye ndege au anayeiendesha, na gharama kwa kawaida ni yake.

Agizo la mifuko ya mpira linaitwa 84-10-01. Namba hizo zina maana: mwaka 1984, toleo la kumi la orodha inayotoka kila wiki mbili, agizo la kwanza katika toleo hilo. Lilitaka mifuniko ikaguliwe isivuje, mifuko ikaguliwe mikunjo, na mikunjo inyooshwe inapowezekana. Kisha lilitaka kitu ninachokistahi sana: baada ya kunyoosha, pimeni kiasi cha kimiminika kinachobaki kimenaswa. Kiasi hicho kikizidi kiwango kilichoruhusiwa, kibandiko kinawekwa, na kuanzia siku hiyo rubani anatakiwa kuukandamiza mkia, kuyatikisa mabawa, kisha ndipo achote sampuli. Kutikisa kunayavusha maji juu ya tuta ndege ingali ardhini, yaani kunafanya kwa makusudi kile ambacho mbio za kuruka zingekifanya kwa bahati mbaya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini serikali haikuamuru mifuko yote itupwe na kuwekwa mipya. Nami niliona hilo ndilo suluhisho la wazi, hadi nilipotafakari jinsi mfuko unavyowekwa. Mfuko mpya nao hukunjwa, hupitishwa kwenye tundu lilelile, hukunjuliwa kwa kupapasa na hubanwa kwa vifungo vilevile. Ukiwekwa ukiwa baridi, mpira ni mgumu na haulali vizuri. Mfuko mpya uliowekwa kwa haraka unaweza kuwa na mikunjo mingi kuliko ule wa zamani uliotolewa. Ndiyo maana fundi mwangalifu, baada ya kuweka mfuko mpya kabisa, bado humimina kiasi anachokijua, hukitoa kwa vali, na kupima ni kiasi gani hakikurudi.