Mikono inayochelewa kupanda

Katika mafunzo ya uongozi ninayowapa wanyapara wa mashamba ya mkonge na viongozi wa SACCOS hapa Tanga, filamu ninayoitegemea kuliko zote ni 12 Angry Men ya mwaka 1957. Ina dakika 96. Usiionyeshe yote, la sivyo kipindi cha saa mbili kitakwisha na watu watatoka wakimsifu mwigizaji mkuu, Henry Fonda, tu. Vipande viwili vinatosha, kila kimoja kisizidi dakika 8.

Anza kwa kueleza kisa kwa Kiswahili, maana wahusika wanazungumza Kiingereza cha haraka. Wazee wa baraza wa Mahakama Kuu yetu, wanapotumika, hutoa maoni tu. Hawa 12 wa filamu, raia wa kawaida katika mahakama ya Marekani, ndio wanaoamua kama kijana ameua, na lazima wawe kauli moja.

Kipande cha kwanza ni kura ya kunyoosha mikono. Kirudie mara mbili, ya pili ukiwa umezima sauti. Hapo macho yote huhamia mikononi: mingine inapanda papo hapo, mingine polepole, wenyewe wakiwatazama wenzao kwanza. Matokeo ni 11 kwa 1: wote wanasema kijana ana hatia, isipokuwa Fonda. Simamisha picha, kila mtu aandike: kati ya hao 11, wangapi wana uhakika? Waandike kabla ya yeyote kusema. Ukiuliza kwa mdomo, meneja akishajibu wengine watamfuata, na kufuata mkumbo ndiko unakokufundisha.

Kipande cha pili ni kura ya siri. Fonda hapigi kura, wale 11 wanaandika vikaratasi, na mzee mmoja anabadili kura yake. Wanafunzi wengi husema kisu ambacho Fonda alikionyesha kabla ya hapo, kinachofanana na kile cha mauaji, ndicho kilichombadilisha. Warudishe kwenye maneno yake: ameguswa na mtu aliyethubutu kusimama peke yake, naye anataka kusikia zaidi. Sasa ndipo umlete mwanasaikolojia Solomon Asch, aliyeonyesha katika miaka ya 1950 kwamba mtu akipata hata mwenzake mmoja, shinikizo la wengi hupungua sana. Ukimtaja mapema, watu wataitazama filamu wakitafuta jibu lako.

Filamu iwe ndani ya kompyuta yenye chaji, si mtandaoni, na beba spika, kwa sababu feni humeza sauti.

Malizia kwa swali moja, lijibiwe kwa maandishi: katika mkutano wenu wa mwisho, nani alizungumza kwanza kabla mikono haijapanda?